Mkuki Uwakao: Burning Spear na Swali la Kukumbuka

Mnamo Novemba 1964 masalia ya Marcus Garvey yalifukuliwa London, alikokuwa amezikwa tangu alipofariki mwaka wa 1940, yakarudishwa Jamaika na kuzikwa upya jijini Kingston kwa heshima za dola. Nchi ilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu ipate uhuru, nayo ilihitaji mashujaa. Garvey akawa Shujaa wa Taifa, wa kwanza kabisa kupewa hadhi hiyo.

Miaka kumi na moja baadaye, yaani 1975, mwimbaji aliyezaliwa katika mji ule ule aliozaliwa Garvey anasimama mbele ya maikrofoni na kulalamika kwamba Garvey hakumbukwi na mtu. Wimbo wenyewe unaitwa "Old Marcus Garvey". Sasa bwana, hapa mhakiki anakwama. Ama mwimbaji huyu hakuwa na habari ya mazishi yale, jambo ambalo haliingii akilini, ama yeye na serikali walikuwa wanalitumia neno "kukumbuka" kwa maana mbili zisizokutana. Mimi nashikilia hilo la pili, na nitajaribu kuonyesha kwamba kazi yote bora ya mwimbaji huyu, Winston Rodney anayejulikana kwa jina la Burning Spear, imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Rodney alizaliwa tarehe 1 Machi 1945 huko Saint Ann's Bay, kaskazini mwa Jamaika. Garvey alizaliwa hapo hapo tarehe 17 Agosti 1887. Bob Marley naye ni mtoto wa wilaya hiyo ya Saint Ann, ila yeye ni wa kijiji cha Nine Mile, juu vilimani. Rodney amesimulia mara nyingi kwamba alimkuta Marley huko huko vijijini, akielekea shambani na punda wake, akamuuliza afanyeje ili aingie katika muziki. Marley akamwambia aende Studio One, kwa Clement Dodd aliyeitwa Coxsone. Akaenda. Mwaka wa 1969, pamoja na Rupert Willington aliyekuwa na sauti nzito ya chini, akatoa santuri yake ndogo ya kwanza, "Door Peep". Baadaye Delroy Hinds akajiunga nao wakawa watatu.

Kuhusu miaka ya Studio One sitakawia sana. Kuna "Joe Frazier", wimbo wa 1972 unaoitwa pia "He Prayed", uliopendwa sana kwao, na kuna albamu mbili, za 1973 na 1974. Ni kazi nzuri, na wapo wanaoapa kwamba hakuwahi kuimba vizuri kuliko pale. Hata hivyo sauti iliyomo humo ni ya mtu anayesali, wala bado si ya mtu anayeuliza. Kinachonivuta zaidi katika kipindi hicho ni jina alilojichagulia.

Burning Spear, yaani Mkuki Uwakao, lilikuwa jina la sifa la Jomo Kenyatta. Msomaji wa Kenya halihitaji maelezo: mpaka leo serikali hutoa nishani ya Mkuki Uwakao, na herufi zake tatu, EBS, hubandikwa baada ya majina ya wakubwa magazetini. Na yeyote aliyefungua kitabu cha Kenyatta cha 1938, *Facing Mount Kenya*, ameiona ile picha: mwandishi amejifunga ngozi begani, anajaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Basi kijana wa Jamaika akaliokota jina hilo, akalivuka nalo bahari.

Lakini angalia tarehe. Mwaka wa 1969, Rodney alipoanza kurekodi, ndio mwaka Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi mwezi wa Julai. Ndio mwaka chama cha KPU kilipopigwa marufuku mwezi wa Oktoba na Oginga Odinga kutiwa kizuizini. Kenyatta aliyekuwa akiimbwa kwa jina hilo ng'ambo alikuwa Kenyatta wa Kapenguria, mfungwa wa 1953, aliyeachiliwa 1961. Kenyatta wa Ikulu alikuwa mtu mwingine. Marufuku waliyowekewa Mau Mau na wakoloni ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka wa 2003, na kaburi la Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 1957, halina alama. Sisemi haya ili kumlaumu Rodney. Shujaa akitazamwa kutoka mbali huonekana mzima, sisi tuliomkaribia ndio tunaoona nyufa. Ila haya yanatupa mfano wa lile ninalolidai: dola inaweza kumkumbuka mtu kwa nishani huku ikiwasahau wenzake aliokuwa nao, na isione aibu yoyote.

Uzi huu unaomfunga Garvey, Kenya na Rodney ni mrefu kuliko jina. C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, katika nyongeza aliyoitia kwenye toleo la 1963 la *The Black Jacobins*, anaeleza jambo alilosimuliwa na Kenyatta mwenyewe. Mwaka wa 1921 wazalendo wa Kenya wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka msomaji mmoja, awasomee makala kutoka *Negro World*, gazeti la Garvey lililochapwa New York. Wakiisikiliza mara mbili tatu, wanaishika kichwani. Kisha kila mmoja anatoka mbio kupitia msituni kwa njia yake, kwenda kuirudia neno kwa neno mbele ya watu waliokuwa na njaa ya habari kama hizo. Mwaka uliofuata Harry Thuku alikamatwa, umati uliodai aachiliwe ukapigwa risasi mjini Nairobi, naye Garvey akampelekea waziri mkuu wa Uingereza telegramu ya kupinga.

Tafadhali msomaji, tua hapa kidogo. Tunapofundishwa fasihi simulizi tunaambiwa kwamba ni ile inayotoka mdomoni kwenda sikioni, na kwamba maandishi yakiingia basi imekufa, au imegeuka kitu kingine. Wale wakimbiaji wa 1921 hawakuijua nadharia hiyo. Walilitoa gazeti kwenye karatasi wakalirudisha mdomoni. Rodney alifanya vivyo hivyo miaka zaidi ya hamsini baadaye, isipokuwa chombo chake kilikuwa sahani ya plastiki yenye tundu katikati. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wenzangu wanaoona kwamba rege ni burudani ya hosteli na matatu, isiyostahili kurasa kama hizi. Ukiikataa kwa kuwa imetoka katika mashine, itabidi uwakatae na wale wakimbiaji, maana walichobeba kilitoka kiwandani.

Tuje sasa kwenye 1975. Rodney alikuwa ameachana na Coxsone, amerudi kaskazini. Mji wa Ocho Rios ulikuwa na Lawrence Lindo, maarufu kwa jina la Jack Ruby, aliyemiliki mitambo mikubwa ya muziki wa kuchezwa hadharani. Wakarekodi "Marcus Garvey" huko Kingston. Inasimuliwa kwamba Ruby alikusudia wimbo upigwe kwenye mitambo yake peke yake, pasiwe na mwingine mwenye nao. Lakini wapi! Watu waliupokea kwa kishindo hata ikabidi utolewe kama santuri ndogo, ukafuatwa na "Slavery Days", kisha albamu nzima iliyobeba jina la Garvey.

Ukiyaandika maneno ya "Marcus Garvey" kwenye karatasi hutajaza hata ukurasa. Mwalimu wa ushairi anayetafuta vina na mizani ataondoka mikono mitupu. Wimbo unaanza kwa kutangaza kwamba aliyoyasema Garvey yanatimia. Halafu, bila daraja lolote, tunatupwa katika maisha ya leo: hakuna chakula, hakuna pesa. Wenye kuzoea mtiririko watauliza uhusiano uko wapi. Uhusiano ndio huo huo ukosefu wa daraja! Unabii na njaa vimewekwa ubavu kwa ubavu kama watu wawili waliokaa benchi moja. Kazi ya kuwatambulisha imeachiwa msikilizaji. Baadaye anaingia Bagawire, ambaye masimulizi ya Jamaika yanamtaja kama aliyemsaliti Garvey. Haelezwi ni nani. Hadhira ya Jamaika ilimjua tayari, na asiyemjua alilazimika kumuuliza mzee. Kila aliyeuliza alikuwa amekwisha ingia darasani.

Ala nazo zinasema. Leroy Wallace, aliyeitwa Horsemouth, yuko kwenye ngoma, Robbie Shakespeare na Aston Barrett wanagawana besi katika albamu hiyo, na mbele yao kuna Bobby Ellis kwa tarumbeta, Vin Gordon kwa tromboni na Herman Marquis kwa saksafoni. Zile tarumbeta hazipambi wimbo, zinaitikia. Rodney anatoa kauli fupi, nafasi inabaki wazi, ndipo zinaingia kama waitikiaji wa ngoma wanaosubiri zamu yao. Hii ndiyo sababu maneno yakisomwa peke yake yanaonekana machache: nusu ya shairi imepewa shaba.

"Slavery Days" ndio wimbo ninaouona mkubwa kuliko yote aliyowahi kutoa. Umejengwa kwa swali moja kuhusu kumbukumbu ya siku za utumwa, linaloulizwa tena na tena, huku katikati ya maulizo kukitajwa mapigo, kazi za sulubu na miili iliyotumikishwa mpaka ikakataa. Wepesi wa kubandika majina watasema hii ni takriri na swali la balagha, wafunge daftari. Mimi naona si balagha hata kidogo. Swali la balagha ni lile ambalo jibu lake linajulikana na wote. Hili jibu lake ni gumu, kwa sababu watumwa wa Jamaika waliachwa huru kabisa mwaka wa 1838. Mwaka wa 1975 hapakuwa na mtu hai aliyeweza kujibu "ndiyo" kwa maana ya kawaida. Anayeulizwa hakuwepo, na anayeuliza hakuwepo pia.

Kwa nini basi aulize? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ukimwambia mtu habari ya utumwa, yeye anaipokea kama taarifa, anaiweka kando na vitu vingine. Ukimwuliza kama anaikumbuka, unamlazimisha ajitafute ndani. Anaanza kupekua: bibi yangu alisema nini? Mbona sisi hatuna ardhi na wale wanayo? Mbona jina langu ni la Kiingereza? Kila mzunguko wa swali unamrudisha mlangoni. Mara ya kwanza unalisikia kama swali, mara ya nne unalisikia kama shtaka, na mwishoni, sauti inapozidi kuwa ya kunong'ona, unalisikia kama ombi. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni wewe. Sijui fanani mwingine wa rege aliyefanya mengi hivyo kwa machache hivyo, na hapo namhesabu hata Marley, wenye kukasirika wakasirike.

Turudi kwenye fumbo la mwanzo. Katika "Old Marcus Garvey" Rodney anawataja wanaozungumzwa: Paul Bogle na William Gordon, walionyongwa baada ya maasi ya Morant Bay ya 1865, kisha wanasiasa wawili wa karne ya ishirini, Norman Manley na Alexander Bustamante. Hao wote ni Mashujaa wa Taifa. Orodha hii si ya bahati. Anausoma ukuta wa serikali, jina kwa jina, halafu anasema kuna pengo, na pengo lenyewe ni la mtu ambaye jina lake limo katika ukuta huo huo! Ndiyo kusema kwake kuorodheshwa ni namna mojawapo ya kusahauliwa. Garvey wa mazishi ya 1964 alikuwa mzalendo mtiifu anayewafaa wote. Garvey aliyeunda UNIA mwaka wa 1914, aliyeanzisha kampuni ya meli ya Black Star Line mwaka wa 1919, aliyehukumiwa kwa udanganyifu wa posta mwaka wa 1923 na kufukuzwa Marekani mwaka wa 1927, aliyewaambia watu weusi maskini kwamba wana bara lao, huyo hakuwa na nafasi katika sherehe. Manley na Bustamante walikuwa waasisi wa vyama viwili ambavyo, wakati wimbo ukitoka, wafuasi wao walikuwa wakiuana katika mitaa ya Kingston. Kuwataja wao na kusema Garvey hayupo ni kauli ya kisiasa, japo ameiimba kwa upole wa mtu anayebembeleza mtoto.

Albamu hiyo iliingia Uingereza kupitia kampuni ya Island, nayo Island ikaichanganya upya kwa ajili ya wasikilizaji wa huko. Sauti zikalainishwa, nyimbo nyingine zinasemekana ziliharakishwa kidogo. Mwaka wa 1976 ikafuata *Garvey's Ghost*, toleo la dabu, ambamo sauti ya mwimbaji imeondolewa karibu yote ikabaki besi na mwangwi. Sisi tunaosoma historia ya tenzi tunaujua ugonjwa huu. Mswada unatoka kwa mwenyewe, unafika kwa mhariri wa mbali anayeona beti fulani zimezidi urefu, na kizazi kinachofuata kinasoma alichokiacha mhariri kikidhani ni cha mtunzi. Rodney hakuridhika. Akaanzisha lebo yake mwenyewe, Spear, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa "Travelling". Kabla mwaka wa 1976 haujaisha alikuwa ameachana na Ruby, na Willington na Hinds pia. Tangu hapo Burning Spear ni mtu mmoja.

Ingekuwa ni kumpamba tu kama ningenyamazia yale anayoyapita. Mwimbaji huyu ni Rasta, na kwa Rasta Garvey ndiye aliyebashiri kuja kwa Haile Selassie, aliyetawazwa mwaka wa 1930. Garvey mwenyewe, akiwa London mwaka wa 1937, aliandika katika jarida lake *The Black Man* makala kali ya kumshutumu Haile Selassie. Hilo halimo katika nyimbo. Wala wanawake hawamo katika nyimbo hizi tatu. Amy Ashwood alishirikiana na Garvey kuanzisha UNIA, na mwaka wa 1935 alikuwa mweka hazina wa chama cha kuitetea Ethiopia huko London, James akiwa mwenyekiti na Kenyatta katibu. Amy Jacques alihariri na kuchapisha maandishi ya Garvey mwaka wa 1923 na 1925. Pasipo yeye sijui tungesoma nini. Mtu anayeuliza wengine kama wanakumbuka anastahili naye kuulizwa. Yaani swali lake ni pana kuliko jibu lake, na nadhani hii ndiyo sifa ya swali zuri.

Yaliyofuata yanajulikana. *Dry & Heavy* ya 1977 aliitayarisha mwenyewe, na mwaka huo huo akarekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Rainbow, London, akipigiwa na Aswad. Katika filamu *Rockers* ya 1978 anaonekana usiku akiimba bila ala yoyote, tukio ambalo kila mpenzi wa rege amelikariri. Tuzo za Grammy alizipata mbili, ya 2000 kwa *Calling Rastafari* na ya 2009 kwa *Jah Is Real*, wakati huo akiwa amehamia New York. Mwaka wa 2005 Sinéad O'Connor aliimba upya nyimbo zake kadhaa, na albamu akaiita kwa jina la mmojawapo, "Throw Down Your Arms". Mwaka wa 2007 serikali ya Jamaika ilimpa nishani. Naam, nishani.

Ila kuna wimbo mmoja wa baadaye ambao siwezi kuuruka. Ni "Columbus", uliomo katika *Hail H.I.M.* ya 1980. Humo Christopher Columbus anaitwa mwongo, kwa kuwa alidai amegundua nchi iliyokuwa na wenyewe. Rodney anawataja Waarawaki. Wanahistoria wa leo hupenda kuwaita Wataino. Safari hii haulizi, anashtaki waziwazi, na kwa upande wa fani wimbo ni mwepesi kuliko "Slavery Days". Kinachonishangaza ni mahali. Meli mbovu za Columbus zilikwama Jamaika kuanzia Juni 1503, naye akakaa hapo mwaka mzima akilishwa na wenyeji. Ghuba alimokwama ndiyo Saint Ann's Bay. Garvey alizaliwa hapo, na Rodney pia. Watoto wa mji huo walifundishwa shuleni kwamba historia yao ilianza na baharia aliyeharibikiwa na chombo ufukweni kwao, na ni mmoja wao aliyekuja kupinga kwa wimbo.

Albamu yake *No Destroyer* ilitoka mwaka wa 2023, akiwa na miaka sabini na minane. Tarehe 19 Januari 2025, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, Rais Joe Biden wa Marekani alimsamehe Garvey hukumu ile ya 1923. Magazeti yaliandika habari hiyo siku mbili tatu, kisha yakaendelea na mengine.